Marehemu wa Kutungwa

Velichka hakulia. Nalisema mwanzo kabisa kwa sababu mji mzima ulilisema, na mimi niliye jirani yake, ukuta kwa ukuta, nilichoka kuulizwa. Hakulia walipomleta mumewe Kuncho kutoka shamba la mizabibu, kalazwa kwenye tela la trekta, kafunikwa usoni kwa koti lake mwenyewe. Hakulia kanisani. Hakulia makaburini, mahali ambapo hata Tanyu mchapishaji, asiye na undugu wowote na marehemu, alitoa leso. Velichka alisimama kashika mshumaa wima, nta ikamdondokea vidoleni, na mkono hakuusogeza.

Mimi ndiye ninayeuza mishumaa kanisani, kwa hiyo misiba naijua. Nimewaona wanaozimia, na nimewaona wanaotazama nyuma kwanza kama kuna wa kuwadaka ndipo wazimie. Wapo wajane wanaokauka macho siku ya kwanza, arobaini ikifika wanabomoka. Nikamwambia Padri Evtim, "Mpe muda huyu, atalia kwenye arobaini." Arobaini ikafika. Velichka akachemsha ngano, akaitia sukari na jozi za kusaga, akagawa kwa watu, akamimina mvinyo kaburini, akaitikia "Mungu amsamehe" kila palipotakiwa kuitikiwa. Akarudi nyumbani akaosha sufuria. Nusu mwaka ikafika, ikawa vilevile.

Hata matangazo ya msiba aliyabandika kwa wakati wake, maana kwetu Bulgaria mtu akifa anatangazwa siku ya kuzikwa, arobaini, nusu mwaka, mwaka, na kila mwaka baada ya hapo, picha yake kwenye geti, kwenye miti ya barabarani, kituo cha basi, mlango wa duka la mikate, mpaka wanaobandika nao wabandikwe. Tanyu ana albamu ya maneno yaliyo tayari, beti za machozi, kila ubeti na namba yake. Mara ya kwanza Velichka alisema, "Nipe namba saba." Arobaini akasema namba saba. Nusu mwaka Tanyu mwenyewe akaona haya.

"Dada Velichka, zipo nyingine nzuri. Kuna hii ya njiwa."

"Saba ina ubaya gani?"

"Haina ubaya. Ila watu wameshaisoma."

"Basi wameshaizoea," akasema, akaondoka.

Watu wakaanza kunong'ona. Kwamba alikuwa amemchoka. Kwamba Kuncho alikuwa bubu wa nyumbani, akirudi kazini kwake idara ya maji hasemi neno, na mwanamke gani atamlilia mume asiyesema. Na kweli Kuncho hakuwa msemaji. Alikuwa mfupi, mnene kidogo, mwenye kofia moja ya sufu majira yote ya baridi, na ukimsalimia alikuitikia kwa nyusi. Wengine wakasema Velichka anasubiri tu mwaka uishe auze nyumba, aende zake Hispania kwa bintiye Detelina. Hilo la Hispania lilikuwa kweli. Detelina alikuwa amekwisha kusema: mwaka ukitimia, Mama, nakuja kukuchukua, utaishi hapo peke yako na kuku?

Mwezi wa tisa tulikuwa uani kwake tunachoma pilipili hoho za kuweka kwenye chupa. Moshi ulikuwa unatuingia machoni, mimi nalia machozi ya moshi, yeye hata hayo hakuwa nayo. Akaniuliza, bila kuinua kichwa kwenye kazi yake:

"Minka, hivi mimi nilimpenda Kuncho?"

"Unaniuliza mimi?"

"Wewe ulikuwa unatuona."

"Nilikuwa nawaona mkigombana kwa ajili ya bomba. Mtu wa idara ya maji, na bomba la nyumbani kwake linavuja."

"Ndiyo maana nauliza." Akageuza pilipili, ikaungua upande wa pili. "Sisikii kitu, shoga. Ni kama ile sindano ya daktari wa meno, ile ya ganzi. Ukijigusa shavu unajua umegusa shavu, basi. Nangoja iishe, haiishi. Karibu miaka arobaini, Minka! Inawezekanaje miaka yote hiyo ikapita na mtu asibaki hata na chozi moja? Nilikuwa naishi na nani mle ndani? Au nilikuwa napika tu?"

"Usiseme hivyo."

"Nasema nilivyo. Detelina anakuja mwaka ukitimia. Nikishafunga mlango huu nikaenda kukaa ghorofani kwa watu wasionijua, sitapata kujua tena. Nataka nijue kabla sijaondoka. Kama sikumpenda, basi, nijue."

Nikasema pilipili zinaungua, na zilikuwa zinaungua kweli.

Baridi ilipoingia, kuni zikapanda bei hadi watu wakawa wanazitazama tu. Pale kwenye nyumba ya kusomea ya mji, halmashauri inawasha jiko la chumba kidogo kila Jumanne na Alhamisi kwa ajili ya kikundi cha waandishi cha Mwalimu Asparuh. Wazo lilikuwa langu, na sababu yake ilikuwa moto tu. Nikamwambia Velichka, "Twende tukaote kwa fasihi." Tukaenda na sufu zetu za kufuma, tukakaa karibu na jiko.

Mwalimu Asparuh alifundisha historia hadi alipostaafu. Ni mrefu, ana sharubu za kizamani, na hawezi kukohoa bila kuomba radhi. Lakini kikundi chake kina sheria moja, na hapo haombi radhi.

"Hapa haandikwi mtu wa nyumbani kwenu," akatuambia. "Hakuna mama, hakuna baba, hakuna marehemu mume. Mwaka wa kwanza niliruhusu. Kila aliyesimama kusoma alilia baada ya sentensi mbili, tukafunga daftari tukanywa chai. Mwaka mzima hatukumaliza hadithi hata moja. Sasa mnatunga. Mtu ambaye hajawahi kuwako."

"Mimi sijui kusema uongo," Velichka akasema.

"Umeolewa karibu miaka arobaini, hujui kusema uongo?" akadakia mama mmoja wa posta, na chumba kizima kikacheka. Velichka hakucheka, ila aliweka sindano za kufuma chini.

Alhamisi ile akaja na mtu wake. Akamwita Spiridon Valkanov. Spiridon alikuwa mwokaji mikate katika mji wa bandarini, mrefu hata alikuwa akiinama kupita mlangoni. Alikuwa mwembamba, hajaoa, anaimba akikanda unga, anaongea na wateja, anaongea na paka, anaongea na mikate yenyewe. Nilimsikiliza Velichka akisoma kwa ile sauti yake kavu, ya mtu anayesoma maelekezo ya dawa, nikafikiri: haya, kila ambacho Kuncho hakuwa, kaja kukitia hapa. Nikachukia kidogo kwa niaba ya marehemu. Nasema ukweli.

Lakini Spiridon akatuganda. Ikawa kila asubuhi Velichka akija kwangu kunywa kahawa, wa tatu mezani ni Spiridon. Spiridon kapata baridi. Spiridon kagombana na mwenye nyumba. Spiridon leo haamki, sijui kwa nini.

"Mwamshe basi," namwambia, "si wewe unayemtunga?"

"Nimejaribu. Amegeukia ukutani."

"Ungemmwagia maji."

"Minka, mtu ana huzuni unammwagia maji?"

"Ana huzuni ya nini? Hana mke, hana mtoto, hana deni!"

Akafikiri, kahawa ikapoa. "Sijui bado," akasema. "Nangoja aniambie."

Nilimwona kama amechanganyikiwa, na nilimwambia hivyo. Akaniambia hapana, ila akiwa na Spiridon saa zinakwenda. Kabla ya hapo alikuwa anakaa jikoni anatazama saa ya ukutani, na saa inamtazama yeye. Sasa alikuwa na kazi. Ilibidi ajue unga wa ngano unanukaje ukiumuka, kwa hiyo akaenda kuomba kusimama jikoni kwa mwokaji wetu hadi wakamfukuza. Ilibidi ajue Spiridon anakula nini, kwa hiyo akapika supu ya maharage aionje, na alipoionja akaimaliza. Tangu Februari, tulipomzika Kuncho, sikuwahi kumwona anamaliza sahani. Binafsi sikuwa naelewa. Mtu mzima kukaa anaandika mambo ambayo hayakutokea, kwa faida gani? Hulipwi, husifiwi, na mgongo unauma. Lakini supu aliimaliza mbele ya macho yangu.

"Na jambo jingine," akaniambia siku moja, karibu acheke. "Huyu nikimwambia nenda dukani, anakwenda. Yule wangu miaka yote ile nilimwambia neno gani akalifuata mara ya kwanza?"

"Bomba," nikasema.

"Bomba linavuja hadi leo."

"Na ile ganzi?"

Akatikisa kichwa. Ilikuwa palepale. Alisema Spiridon anasikia vitu vingi, anakasirika, anafurahi, anaogopa radi, na yeye anaviandika vyote kama karani, lakini vikifika kwake vinapoa. Detelina akimpigia simu kutoka Hispania akamwuliza "Mama, unalia?" alimjibu "Silii," na Detelina ndiye aliyelia.

Basi mjini wakasikia kuna Spiridon. Mke wa mwokaji akaniuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli Velichka ana bwana, mtu mrefu kutoka pwani. Nikamwambia ndiyo, na hana hata meno bandia. Nilikuwa nimechoka.

Taabu ikaja Spiridon alipozidi kuishi. Velichka hakumpa jambo la kufanya. Anaamka, anakanda, anaoka, anauza, anafunga duka, analala. Kesho yake tena. Mama wa posta alikuwa anasinzia hadharani. Mwalimu Asparuh akakohoa, akaomba radhi, akasema:

"Bi Velichka, hadithi lazima ifike mahali. Huyu mtu anakwenda wapi?"

"Hafi," Velichka akasema.

"Sikusema afe."

"Ulitaka kusema."

"Mwoze basi. Msafirishe. Fanya neno lolote, Bi Velichka, lakini tusimwone tena anawasha tanuri."

Akamsafirisha kwenda Ajentina. Ukurasa uliofuata Spiridon alikuwa amesharudi, eti alisahau chachu. Akajaribu kumwoza kwa mwalimu wa muziki. Mwalimu wa muziki akahama. Mwezi mzima tulikaa pale tukimwona mwanamke anamzuia mtu asiyekuwako asitoke mlangoni, na mimi, mjinga, nilidhani hajui kutunga.

Siku moja katikati ya wiki akaja kwangu asubuhi, akakaa, akasema, "Nimemwua."

"Nani?"

"Spiridon."

"Mungu amsamehe. Kafaje?"

"Sijui. Nilifika mlangoni pa chumba chake, sikuweza kuingia. Nimeandika tangazo tu, lile la kubandikwa. Basi, mwisho wa hadithi ni hilo."

Alikuwa mtulivu, uso ule ule wa siku zote. Akamaliza kahawa akasema anapitia kwa Tanyu amtolee nakala, kila mwanakikundi apate yake Alhamisi ya wiki ijayo, halafu anakwenda kununua chumvi.

Sasa Tanyu. Tanyu si mtu mbaya wala si mjinga. Ila duka lake limeishi kwa vifo tangu baba yake, na kadi za harusi siku hizi watu wanatumiana kwenye simu. Velichka, mjane, kavaa nyeusi, anaingia dukani, anaacha bahasha juu ya meza, anasema "Nitolee, Tanyu, kama kawaida," anatoka. Tanyu anafungua bahasha. Juu kabisa kuna karatasi inayosema TAARIFA YA HUZUNI, jina, umri, kazi, ibada Jumamosi saa sita mchana, kanisa la kwetu, maana Velichka hakujua jingine la kuandika. Chini yake rundo la kurasa za habari za marehemu, akadhani ni hotuba ya mazishi. Afanye nini? Alifanya alichofanya maisha yake yote. Akaweka mpaka mweusi, akaweka msalaba, na kwa kuwa hakupewa picha akaweka mchoro wa mshumaa, na Ijumaa jioni akatoka na ndoo yake ya gundi. Akabandika mlango wa kanisa, ubao wa sokoni, kituo cha basi, miti yote ya barabara kuu, na kwa heshima ya kazi ya marehemu, akabandika mawili kwenye duka la mikate.

Jumamosi asubuhi nilifika kufungua kimeza changu cha mishumaa nikaikuta ile taarifa mlangoni. Nikaisoma mara mbili. Chini ya jina, pale ambapo huwa kuna namba saba au ya njiwa, palikuwa na mstari mmoja usiotoka kwenye albamu yoyote: *Aliondoka tanuri likiwa bado la moto.*

Nilipaswa kuibandua palepale. Lakini watu walikuwa wameshaanza kuja.

Kwetu wazee hawakosi mazishi, hata ya wasiowajua, kwanza kwa heshima, pili kwa sababu huwa kuna chakula. Siku ile, lakini, walikuja na wasio wazee. Ule mstari ulikuwa umewakamata wakienda sokoni. Walikuja na maua mikononi, ya idadi shufwa kama inavyotakiwa kwetu kwa maiti, wakajaa uani, wakaanza kumkumbuka Spiridon.

"Nilikuwa naye jeshini," akasema mzee Gancho, ambaye huwa na kila mtu jeshini. "Mfupi hivi, mkorofi."

"Mfupi? Spiridon alikuwa mrefu," akasema mwingine. "Alikaa mtaa wa juu, alikuwa na farasi mweupe."

"Farasi alikuwa wa ndugu yake."

"Mimi mkate wake nimekula," akasema bibi Rusana, kizee wa mtaa wa chini, macho yamemjaa. "Nilikuwa mdogo. Alinipa bado wa moto, hakuchukua hela."

Padri Evtim akatoka ndani anafunga vifungo vya joho, ndevu bado zimelowa. Akanivuta pembeni.

"Minka, nani kafa bila kuniambia?"

"Hakuna aliyekufa, Padri."

"Na hawa?"

"Wamekuja kuzika."

"Kumzika nani?"

"Mtu wa Velichka. Wa kutunga."

Padri ni mtu mvumilivu, lakini Jumamosi ana ubatizo. "Mwite," akasema.

Nikampigia simu. Nikamwambia njoo haraka, Tanyu kambandika Spiridon mji mzima, watu wamejaa hapa na maua. Simu ikakatika. Anakaa karibu, alifika na koti juu ya aproni, viatu vya ndani miguuni, vimelowa theluji. Watu walipomwona kavaa nyeusi wakajua huyu ndiye mfiwa, wakampisha njia.

Nilitaka kwenda mbele niwaambie mimi, kwa niaba yake. Aibu niliyoiona inamjia ningeibeba kwa furaha. Lakini bibi Rusana alikuwa karibu zaidi. Akamshika mikono yote miwili.

"Pole, mwanangu. Mungu amsamehe."

"Mama, samahani," Velichka akaanza. "Samahanini jamani, kumetokea kosa, huyu mtu..."

"Msiba hauna samahani. Alikuwa mtu gani, mwanangu? Tuambie. Mimi nakumbuka mikono yake tu."

Velichka akafungua kinywa. Nilingoja aseme: hakuwako, nilimtunga. Watu wote wakatulia, wakamtazama, maua yameelekea chini.

"Alikuwa..." akasema. "Alikuwa akimenya tufaha. Jioni, wakati wa baridi. Anakaa pale na kisu chake kidogo, analimenya polepole, ganda linatoka refu, halikatiki. Halafu tufaha lote ananipa mimi. Yeye anakula ganda. Hasemi kitu, ananipa tu, mimi nakula huku naangalia televisheni. Kila jioni. Sikuwahi kumwuliza kama anapenda ganda au anapenda..."

Nami nilikuwa nimeshikilia boksi la mishumaa. Kurasa za Spiridon nilizisikiliza zote, moja baada ya moja, hata zile za kusinzia. Spiridon hakuwa na mtu wa kumpa tufaha.

Akageuka ananitafuta kwenye ule umati. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekimbia njia nzima kuniletea habari ambayo sijaipata.

"Minka," akasema. "Kuncho amekufa."

"Ndiyo, shoga," nikasema. "Amekufa."

Akalia. Sikuwahi kusikia mtu analia vile, na nimekwambia misiba naijua. Alilia kwa sauti nzito, mbaya, ya kutoka tumboni, akajikunja hadi bibi Rusana akashindwa kumshikilia, nikatupa boksi nikaenda. Alikuwa anasema maneno katikati ya kilio, sikuyaelewa yote. Niliyoyaelewa yalikuwa jina lake, na "tufaha", na "sikumwuliza". Nilimkumbatia nikawa nalia na mimi, maana Kuncho alikuwa jirani yangu, na nilikuwa nimekaa miezi yote ile nikimngoja huyu mwanamke aanze ili nami nipate ruhusa.

Nyuma yetu mzee Gancho akauliza, "Kuncho ndiye nani tena? Si Spiridon?"

"Nyamaza wewe," bibi Rusana akamwambia.

Hakuna aliyeondoka. Walisimama na maua yao kwenye baridi, hata wale waliofuata chakula, hata Tanyu aliyekuwa amefika na kusikia kosa lake na kubaki kaegemea ukuta bila rangi usoni. Padri Evtim akaingia ndani. Tulidhani amekasirika. Akarudi amevaa vazi lake la mazishi, chetezo mkononi kinatoa moshi, akaja mpaka alipokuwa Velichka, akainama ili amsikie.

"Nisome jina gani?" akamwuliza.

Velichka akafuta uso kwa aproni. Akajaribu mara ya kwanza, halikutoka. Padri akangoja.

"Kuncho," akasema, kwa nguvu, watu wote wakasikia. "Msomee Kuncho wangu."